Sampuli ya Mama Mageni

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya bluu, kama redio iliyoletwa na bibi harusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya thamani kuliko zote katika chuo cha afya alichofundisha Loveness, hapo Nyahanga, mjini Kahama. Ina pampu, ina kompyuta, na katikati ina mrija mfupi wa chuma unaoitwa kolamu. Unasukuma vitu vilivyochanganyika viingie na kimiminika, vinatoka upande wa pili kimoja kimoja, na kila kimoja kinachora kilima chake kwenye skrini. Wafadhili waliileta miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo ilikuwa imefanya kazi moja tu, tena kwa bidii: kupigwa picha.

Loveness alipokwenda kuomba ufunguo wa chumba, mkuu wa chuo aliweka kikombe chini.

"Unataka kuitumia?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kuna wageni wanakuja?"

"Hapana. Nataka kupima dawa."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyeomba kulimia shamba gari la harusi. Mwishowe akautoa ufunguo kwenye droo, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. "Lakini kitambaa kirudi kama kilivyokuwa, mwalimu."

Sasa dawa yenyewe. Dawa yenyewe ilikuwa ndani ya tumbo la mama yake, na hapo ndipo ulipo mkasa wote.

Mama yake Loveness ni Paskazia, ila ukimwita hivyo pale mtaani hakuna atakayegeuka. Ni Mama Mageni. Kwa miaka ishirini na mbili alinunua na kuuza dhahabu kuanzia machimbo ya Geita mpaka Kahama, akajenga nyumba ya vyumba tisa, akajaza wapangaji, na sasa amestaafu barazani, ambako anapokea wageni, birika mbili za chai na habari zote za mji. Habari ikitokea Mhunze asubuhi, saa nne imeshafika kwa Mama Mageni, imepumzika, imekunywa chai na imeongezeka uzito.

Magoti ndiyo yaliyomkataa. Alikuwa anatembea kama anayepanda ngazi mahali pasipo na ngazi. Kisha akaja Dokta Edson. Udokta wa Edson alijipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu wa kumvua. Aliuza unga wa kahawia, Mkombozi wa Mifupa, mizizi ya mlonge tupu, alisema, iliyochimbwa kwa masharti. Mama Mageni alikunywa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni. Siku ya pili aliamka, akacheza. Siku ya tano alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi na mashuhuda.

Mwezi wa tatu miguu ikaanza kuvimba. Tumbo likawa linamchoma. Na asubuhi moja alimwambia mpangaji wake Salome, muuza maandazi, kwa sauti ambayo yeye alidhani ni ya kunong'ona, kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Salome aliapa kutunza siri. Loveness aliipata kabla ya saa sita mchana, kutoka kwa watu wawili tofauti.

"Mama, hiyo ni damu," alisema, amesimama katikati ya baraza bila hata kukaa. "Tumbo linavuja. Huo unga una diklofenaki ndani, vidonge vya maumivu vimesagwa humo. Mzizi hauponyi goti kwa usiku mmoja."

"Umeuona huo unga ukisagwa?"

"Sijauona, lakini..."

"Yaya, hapana! Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimeuza dhahabu miaka ishirini na mbili. Mtu akiniambia jiwe lina dhahabu, namwambia alete karatasi ya maabara. Akiniambia halina, namwambia hivyo hivyo. Leta karatasi."

"Twende hospitali kwanza."

"Karatasi! Ukileta, naacha mbele ya hawa wote, na hospitali nakwenda kwa miguu yangu. Usipoleta, utamwomba radhi Dokta Edson hapa hapa, na chai utampikia wewe."

Wapangaji wakaitikia kwa kicheko. Edson mwenyewe alikuwepo, kwenye kiti chenye mto, anachovya andazi. Alitabasamu kwa huruma. "Mwacheni dada yetu. Sayansi nayo ni kipaji."

Ndivyo kitambaa cha maua ya bluu kilivyovuliwa.

*

Kuwasha mashine ni jambo moja. Kupata njia ya kupimia ni jambo jingine, na hilo halikuja ndani ya boksi. Loveness alikuwa na kichupa cha diklofenaki safi kilichobaki kwenye mitihani ya wanafunzi. Akiipima peke yake, kilima kinatokea dakika ya pili, chembamba, kizuri. Akipima unga kidogo wa Edson, alioukwangua kwenye kopo la mama yake, dakika ya pili panatokea mlima mpana kama ng'ombe aliyelala, na humo ndani huwezi kujua mzizi ni upi na kidonge ni kipi. Alibadilisha kasi ya pampu, akaongeza methanoli, akapunguza. Ng'ombe alibadilisha ubavu, hakuamka.

Akaomba msaada. Aliandika kwenye kundi la simu la wataalamu wa maabara wa kanda nzima, watu mia nne na kumi na wawili, wenye shahada za kutosha kuezekea kanisa. Aliandika kila kitu: kolamu gani, kimiminika gani, tatizo liko wapi, na kwamba kuna mgonjwa anasubiri.

Majibu hayakuchelewa. Wa kwanza aliandika, "Hongera sana dada kwa kazi nzuri." Wa pili, "Amina." Wa tatu, "Amina." Wa nne alituma picha ya vifaranga, chanjo wameshapata, anafikisha mpaka Shinyanga. Mmoja aliyejitambulisha kama mtafiti mwandamizi aliuliza kama Loveness amesoma machapisho; alipoulizwa ni machapisho yapi, akajibu kwamba yapo mengi. Wakala wa kampuni fulani ya vifaa alimpigia kabisa, akamsikiliza kwa upole dakika kumi, akasema tatizo lake linatibika kwa kununua mashine mpya. Jioni kiongozi wa kundi alikumbusha wajumbe wote kuepuka mijadala isiyohusu kundi. Vifaranga hawakuguswa.

Wakati huo mama yake aliendelea na vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni.

Aliyemsaidia hakuwa na shahada ya dawa, wala hakuwa kwenye kundi. Donatus alikuwa mpimaji wa dhahabu katika maabara ndogo nyuma ya makarasha ya kusagia mawe, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye kucha zilizoungua kwa tindikali na ucheshi ulioungua vile vile. Loveness alikwenda kwake kuazima maji safi tu.

"Shikamoo kaka Donatus."

"Marahaba, mwalimu. Mama mzima? Nasikia anacheza siku hizi."

"Anacheza, na tumbo linavuja." Akamweleza yote, mpaka ng'ombe aliyelala.

Donatus alijikuna kidevu. "Dawa siijui. Kwangu dawa ni panadol. Ila nikuulize. pH yako ni ngapi?"

"Natumia maji ya kawaida na methanoli."

"Sijauliza unatumia nini. Maji yako yana ukali kiasi gani? Sisi humu bila kuweka chokaa mpaka pH ifike kumi, sianidi inageuka hewa, na unazikwa Jumamosi. Kila mtu hapa anajua pH yake, hata mlinzi. Wewe unafundisha chuoni, hujui yako?"

Diklofenaki ni tindikali dhaifu. Alikuwa amewafundisha wanafunzi hilo miaka sita, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Kwenye maji ya kawaida inakimbia kupita kolamu pamoja na takataka zote za mzizi. Ukitia tindikali kidogo kwenye kimiminika, ikawa kali kama ndimu iliyozimuliwa, inatulia, inang'ang'ania ndani ya kolamu, inatoka imechelewa, peke yake.

"Na umeshapima mzizi mtupu?" Donatus aliendelea. "Mlonge usio na Edson ndani?"

"Bado."

"Sasa utajuaje kilima ni cha nani? Na ukishaupata mtupu, uweke dawa wewe mwenyewe, kipimo unachokijua, uone kama mashine inakurudishia chote. Ukiweka mia ikakupa sitini, hiyo siyo mashine, ni broka."

Loveness alitoka na madumu mawili ya maji na akili imepanuka. Jumamosi alikwenda Samuye kwa mjomba wake, akachimba mzizi wa mlonge nyuma ya zizi, bila masharti yoyote, huku mjomba akiuliza kama chuoni wameanza kula mizizi. Jumatatu alitia tindikali kwenye kimiminika. Mzizi mtupu ulitoka dakika ya pili na ya tatu, ukamaliza kelele zake, halafu mstari ukanyooka. Alipouchanganya na diklofenaki ya kipimo, kilima kilitokea dakika ya tisa, kimesimama peke yake kama mnara wa simu. Aliweka mia, akapata tisini na nane. Akarudia mara tano. Tisini na saba, tisini na tisa, tisini na nane, mia na moja, tisini na nane.

Alicheza, mwenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, akiwa ameshika kitambaa cha maua ya bluu.

*

Unga wa kukwangua ulikuwa umeishia kwenye majaribio, kwa hiyo sampuli ya kupimwa ilitoka kwa mama yake. Mama Mageni aliileta mwenyewe mpaka getini, kwenye kinailoni kilichofungwa fundo dogo gumu, lile fundo la wanunuzi wa dhahabu ambalo halifunguki bila kisu.

"Hii hapa. Kutoka kwenye kopo langu. Wewe si unapima nguvu yake?"

"Napima kilichomo, mama."

"Haya. Pima."

Loveness alichota mafungu matatu kutoka kinailoni kilekile, akayapima yote. Kilima dakika ya tisa. Kipo! Fungu la kwanza, miligramu arobaini na nane kwa kijiko. La pili, mia moja na tano. La tatu, sitini na moja.

Aliitazama ile mia moja na tano kama namba ya ushindi. Zaidi ya vidonge viwili kwa kijiko! Alichapa karatasi, akagonga muhuri wa chuo, akapita kwa Donatus kumwonyesha kabla ya kwenda barazani kumvunjia mtu heshima.

Donatus alisoma. Alianza kucheka taratibu, kama pampu inayowaka kwa shida.

"Arobaini na nane, mia moja na tano, sitini na moja. Kinailoni kimoja?"

"Kimoja."

"Mwalimu, hii sampuli imepandishwa. Mtu ameongezea. Tena amemwaga juu juu, hakuchanganya, ndiyo maana kila ukichota unapata lake. Kinailoni kimebaki?" Alimwaga unga kidogo kwenye karatasi nyeusi, akainamia na lenzi ya kukagulia dhahabu. "Njoo uone."

Katikati ya kahawia ya mzizi palikuwa na vipande vidogo vya rangi ya chungwa, vyenye kung'aa upande mmoja. Maganda ya kidonge.

"Huu mkono naujua," alisema Donatus, kwa heshima kabisa. "Miaka kumi na tano huyu mama ananiletea sampuli za mawe. Kila akipandisha anamwaga juu, anafunga fundo lake, anaondoka. Nilimwambia mara mia, Mama Mageni, ukitaka kuniibia, korogea basi. Hana subira."

*

Baraza lilikuwa limejaa, kama kawaida ya siku yenye jambo. Donatus naye alikuja, nyuma ya Loveness. Salome alikuwa amekaanga maandazi mara mbili ya siku zote. Sijui nani alimwambia.

"Mama," alisema Loveness, "uliongeza nini kwenye sampuli?"

Mama Mageni hakushtuka hata kidogo. "Vidonge vinane. Niliomba duka la dawa wanipe vile vikali kuliko vyote vya mifupa. Nikavitwanga."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Aliwageukia wapangaji, awashirikishe. "Mtoto anasema anapeleka dawa yangu maabara, anataka kuonyesha haina kitu. Mimi, Paskazia, nipeleke sampuli ikose namba? Haijawahi kutokea mzigo wangu ukaaibika maabara. Nikaisaidia kidogo. Sasa karatasi inasemaje? Iko juu?"

"Iko juu, mama! Ndiyo ubaya wenyewe! Ikiwa juu ndiyo inakuua!"

Mama Mageni, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, alisahau chai yake mkononi. Maabara ambayo namba kubwa ni hasara! Ilibidi alitafakari hilo kama mtu aliyeambiwa nchi fulani watu huvaa viatu kichwani.

"Kwa hiyo," Edson alisema kutoka kwenye kiti chenye mto, "kilichoonekana ni vidonge vya mama. Mkombozi wangu ni safi. Nadhani tulikubaliana kuhusu radhi." Akasogeza kikombe mbele, kijazwe.

Na ubaya ni kwamba alikuwa na haki. Karatasi yenye muhuri ilikuwa haifai hata kufungia andazi.

Ni Mama Mageni aliyemzuia. Si kwa mapenzi ya mwanawe. Ni mazoea ya kazi. Sampuli ikiharibika, wanachukua nyingine, muuzaji na mnunuzi wote wakiangalia. "Hapana, dokta. Biashara haiishi hivyo. Toa pakiti tatu mpya kutoka kwenye begi lako, zile za kufungwa kwa mshumaa. Nazifunga mimi, hapa, wote mnaona. Kama ni safi, hofu ya nini?"

Edson alisema hana hofu. Alisema mara tatu. Kisha, kwa kuwa macho kumi na nane yalikuwa kwenye begi lake, akatoa pakiti tatu. Mama Mageni akazitia kwenye nailoni, akafunga fundo lake, akaweka saini kwenye kikaratasi na kumlazimisha Edson naye aweke. Donatus akazibeba hadi chuoni, Loveness nyuma yake, na Salome nyuma ya Loveness, kwa kuwa, alisema, lazima awepo shahidi asiye na upande.

Walirudi kesho yake saa nane mchana. Loveness hakuhutubia. Alimpa mama yake karatasi.

Mama Mageni alivaa miwani. Alisoma kama alivyosoma karatasi za dhahabu maisha yake yote, kuanzia chini kwenda juu, namba kwanza, maneno baadaye.

"Arobaini na sita. Arobaini na saba. Arobaini na tano." Alinyanyua macho. "Pakiti tatu mbalimbali?"

"Tatu mbalimbali," alisema Donatus. "Na mlonge mtupu wa Samuye, sifuri."

"Kidonge kimoja kina ngapi?"

"Hamsini," alisema Loveness. "Kijiko kimoja ni karibu kidonge kizima, mama. Unakunywa sita kwa siku. Daktari haruhusu hata nne."

Mama Mageni hakuwa anasikiliza habari za daktari. Alikuwa bado kwenye zile namba tatu, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole, kutoka mshangao kwenda kwenye kitu kilichofanana na heshima, halafu kikapita heshima.

"Amekorogea," alisema. "Donatus, umeona? Huyu amekorogea vizuri. Arobaini na sita, na saba, na tano! Mimi nimepandisha sampuli kutoka Geita mpaka hapa, na hakuna, hakuna hata mmoja, aliyewahi kunipandishia mimi. Nilikuwa nanusa tu najua. Na huyu, huyu mla maandazi, ameniuzia mzizi uliopandishwa, miezi mitatu, kwenye baraza langu mwenyewe!"

Loveness alikuwa amekesha akiandaa hoja za figo, za tumbo, za damu. Alizimeza zote. Alikuwa na mama aliyekasirika, na hiyo ilikuwa dawa bora kuliko alizozisomea.

Edson akatokea wakati wa chai, kama siku zote, kwa kuwa mtu asiyetokea ndiye anayesemwa. Alisalimia. Akaitikiwa kwa uchangamfu uliozidi. Kiti chenye mto kilikuwa tayari. Mama Mageni, kwa mkono wake mwenyewe, akamimina chai, akalivuta kopo la Mkombozi, akachota kijiko kimoja kilichojaa, cha pili, cha tatu, akakoroga. Alikoroga sana, taratibu, akimtazama Donatus.

"Karibu, dokta. Leo uinywe na wewe. Tumekuonea miezi yote hii, tunakunywa peke yetu."

Edson alikitazama kikombe. Baraza zima lilimtazama Edson.

"Asante sana, mama," alisema. "Ila mimi hii siwezi. Nina vidonda vya tumbo."

Salome ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikapita wapangaji wote, kikatoka getini, na nadhani saa hizi kimeshafika Mhunze. Edson alikwenda zake bila begi. Lilibaki pale chini ya kiti, na hakurudi kulifuata.

Mama Mageni aliumwaga unga wote kwenye shimo la takataka, kopo akalisuuza na kulihifadhi, kwa kuwa kopo halina kosa. Akavaa kitenge cha kutokea, akaikunja karatasi ya maabara mara nne na kuiweka pale alipokuwa akiweka karatasi za dhahabu, kifuani. Miguu imevimba, viatu havikuingia. Alivaa kandambili za Loveness.

"Twende hospitali, mama," alisema Loveness, akimshika mkono.

"Twende. Nilisema kwa miguu yangu, nakwenda kwa miguu yangu." Hatua tatu getini akasimama kupumua, akajifanya anasalimia jirani. Kisha akamvuta mwanawe karibu, kwa ile sauti yake ya kunong'ona iliyosikika mpaka kwa muuza maandazi. "Sasa sikiliza. Wakitaka kunitoa damu, watoe mbili. Moja wabaki nayo, nyingine fundo nafunga mwenyewe."